Ndoo ya Mchele

Kombo alirudi kutoka kumzika jirani yake, akaingia jikoni kunywa maji, akaona ndoo ya mchele haipo.

"Mwanaidi! Ndoo iko wapi?"

"Wanawake wameichukua, wanapika msibani," mkewe alijibu. "Ningewakatalia vipi wenzangu?"

Askari aliyempa Kombo kibali cha bastola alikuwa amemsisitizia anunue sanduku la chuma lenye kufuli. Kombo akaona sanduku ndilo mwizi atakalolivunja kwanza. Akaiviringisha bastola kwenye kitambaa, risasi zikiwa ndani, akaifukia kwenye mchele. Hata mkewe hakumwambia.

Alikimbia bila viatu. Waombolezaji walimpisha, wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Uani, wanawake walikuwa wakipeta mchele kwa nyungo, na binti mdogo alikuwa akiwachotea kwa kikombe, mkono umezama ndooni hadi kwenye kiwiko.

"Bibi, kuna kitu kigumu humu."

"Kivute," bibi yake alisema bila kuinua macho.

Kombo alijipenyeza katikati ya nyungo. Mtoto aliweka kikombe chini, akaingiza na mkono wa pili.