Mkaja wa Siku ya Tano

Siku tano baada ya kujifungua, Mwanahamisi alikuwa hajafanikiwa kumnyonyesha mwanawe akashiba, na shangazi alikwisha kuamua kwamba adhuhuri mtoto angepewa maziwa ya kopo.

"Shangazi, nilegezee mkaja. Siwezi kuinama."

"Tumbo likibaki kama mtungi, usije kunililia," alijibu shangazi, huku akifungua kitambaa alichomkaza nacho tumboni kila asubuhi.

Mwanahamisi alivuta pumzi ndefu, akainama, akamsogeza mtoto kifuani. Kinywa kidogo kilipapasa, kikakosa, kisha kikashika titi kwa nguvu iliyomtoa machozi.

"Anameza, shangazi. Sikiliza."

"Nyamaza basi, utamshtua," alinong'ona shangazi, akicheka.

Titi la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kudondosha maziwa mkekani.