Mshika Kamba

"Kamba atashika shemeji yangu," fundi rangi alisema, na pale juu ya paa la ghorofa mafundi wote wakaacha kukoroga rangi.

Msimamizi akaguna. "Huyu si ndiye juzi tu katoka hospitali ya vichaa? Mwache na ufagio wake. Ukianguka, mimi simo."

"Haya, usiwemo."

Shemeji aliijua kamba. Alipougua, nduguze walimfunga nayo mikono, na alama hazijafutika hadi leo. Tangu apone, nyumbani hapewi hata kisu cha kumenyea viazi.

Fundi akajifunga kiunoni, akamkabidhi ncha ya pili, akashuka ukingoni kinyumenyume huku akipiga mluzi.

Kamba ikakaza. Uzito wa mtu mzima ukamwingia shemeji viganjani, ukampanda mpaka mabegani. Alisikia kila pumzi ya fundi ikitetema kwenye nyuzi. Kumbe roho ya mtu ni nzito hivi! Na mtu kaja kumpa yeye, mchana kweupe, mbele za watu.

"Legeza kidogo, shemeji!" sauti ikapanda kutoka chini.

Yalikuwa maneno yale yale aliyowalilia nduguze usiku kucha, wasimlegezee.

Akalegeza, kidogo tu, ncha ikiwa imara viganjani.