Aliyesema Vosotros

“Msikate simu,” mwanamume alisema kwa Kihispania, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. “Mkikata, Glory hamtamwona tena.”

Kanana aliilaza simu juu ya meza ya jikoni na kufungua spika. Kwa nyuma msichana alilia mara moja, “Mum!” kisha kimya. Absalom, mumewe, akashika ukingo wa sinki.

“Ni yeye,” akanong’ona.

“Najua unanielewa, mama,” sauti ikaendelea. “Binti yako ameniambia unakijua Kihispania. Kaeni hapohapo. Polisi msiwapigie. Subirini.”

Glory alikuwa mwaka wa pili chuoni, Dallas. Jumapili alikuwa amewapigia saa tisa mchana, akapiga miayo, akasema ngoja alale. Kanana alidhani ni uchovu wa mitihani. Tangu juzi hakuwa amejibu ujumbe hata mmoja.

Absalom alijaribu namba ya binti yao mara tatu kwa simu yake. Haikuita. Lakini kuna kitu kilikuwa kikimkwaruza Kanana sikio. Mtu yule hakuwa akisema ustedes. Alikuwa akisema vosotros.

Kwa miaka kumi na mmoja sasa Kanana alikuwa muuguzi hapo Houston. Wagonjwa wake wa Meksiko, wa Honduras, wa El Salvador, wote wakitaka kusema “ninyi” walisema ustedes. Vosotros, “ninyi” ya namna nyingine, aliiona kitabuni tu, na mwalimu wao aliwaambia wairuke safu yake katika jedwali la vitenzi: “Hapa Texas hamtaihitaji.”

Akamtuma Absalom kwa jirani. Alirudi mbio na Yesenia, muuguzi mwenzake Kanana, mzaliwa wa Monterrey, Meksiko. Yesenia aliinamia simu, akasikiliza maneno mawili matatu, akaifunika kwa kiganja.

“Huyu si mtu wa kwetu,” akasema kwa sauti ya chini. “Kuanzia Meksiko mpaka Peru hakuna anayeongea hivyo. Hiyo ni ya Uhispania. Yeye yuko ng’ambo ya bahari, mtoto yuko Dallas. Amemshikaje?”

“Na kile kilio?”

“Ni msichana yeyote wamemrekodi tu. Shangazi yangu walimfanyia hivyohivyo. Kata.”

“Na kama si uongo?” Absalom aliuliza.

Kanana alisali bila maneno, akakata simu.

Zikapita dakika tano. Kumi. Simu haikulia tena. Absalom akaanza kucheka, kicheko chembamba chenye machozi ndani yake.

“Aki nilikuwa nimeamini kabisa,” akasema.

Yesenia akabandika maji ya chai. Kanana akaketi na kumpigia Jackie, msichana aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Glory. Alitaka kusikia sauti ya mwanawe, basi.

“Jackie, hebu mpe Glory simu.”

Jackie alivuta kamasi.

“Jackie?”

“Auntie, please usikasirike.” Msichana alikuwa ameanza kulia. “Alisema atakuwa amerudi kabla hamjajua. Kuna kijana walijuana online. Alimtumia tiketi, akaenda wiki mbili zilizopita.”

“Tiketi ya wapi?”

“Madrid, Auntie.”