Kipande cha Katikati

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ubingwa wa kwanza wa timu yao, mashabiki hukutana kwa kinyozi Chande na kuunganisha vipande vya wavu walivyovikata kwenye goli lililoingia bao la ushindi. Katikati hubaki tundu la kipande kisichojulikana kilipo.

Mwaka huu aliingia mwanamke mgeni na bahasha.

"Shikamooni. Baba kabla hajafariki alisema niwaletee kipande hiki cha wavu."

"Marahaba. Baba yako nani?"

"Kipa mliyemfunga."

Chande alizima redio. Alimkumbuka kipa yule akiwapa mkono wachezaji wote kumi na mmoja, machozi yakimtoka.

"Kumbe alikitunza?"

"Alisema hajawahi kufungwa bao zuri kama lile."

Walimpisha, akafunga mafundo mwenyewe. Wavu ulipotundikwa mlangoni, upepo uliusukuma ukatuna katikati, kana kwamba mpira umeingia sasa hivi.