Makaa Yaliyoshiba

Nyamizi aliliteremsha gunia kutoka kwenye baiskeli, akalitua mbele ya lango la mgodi. Ndani mlikuwa na makaa ya magunzi ya mahindi, bado yamelowa. Mwezi mzima yalikuwa yamechuja maji ya kisima cha kijiji chao na kuinasa urani, madini yenye mionzi, iliyovuja kutoka mgodini. Walimu wa chuo waliowafundisha kazi hiyo walikuwa wameonya kwamba makaa yakishashiba, yasipikiwe wala yasitupwe shambani.

"Nimewaletea mali yenu," alimwambia ofisa aliyetoka kumpokea.

Ofisa alisogeza kipimo cha mionzi karibu na gunia. Kikaanza kulia. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Mama, hii ni sumu. Haturuhusiwi kuiweka hapa penye watu."

"Mwezi uliopita ilikuwa kwenye maji ya wanangu," alisema Nyamizi. "Ulisimama kisimani na kipimo hichohicho, ukatuambia haina neno."

"Irudishe nyumbani kwanza, mama. Tutawaandikia barua."

Nyamizi aligeuza baiskeli yake, akaliacha gunia palepale. Nyuma yake gunia liliendelea kuchuruzika, na kijito chembamba cheusi kikapenya chini ya lango, kikaingia ndani.