Waziri Kwenye Shimo la Nguchiro

Kwaru, kwaru! Usiku wa manane mlango wa shimo uliparuzwa, na Nguchiro akawakumbatia wanawe watatu, maana Chui alikuwa ameonekana bondeni.

"Nani?"

"Mimi, binti yangu, Waziri wa Ulinzi. Nifiche!"

Alikuwa Nyegere, kanali mstaafu, yule aliyeonyesha kovu lake kwenye televisheni kila jioni akisimulia alivyomtimua Chui vitani, mpaka Mfalme Simba akampa wizara.

"Mheshimiwa, si ulimshinda wewe?"

"Hata sijawahi kumwona! Kovu hili ni la kuanguka na mzinga wa nyuki."

"Na walinzi wa bondeni?"

"Nimewahamishia studio, wanipigie saluti kwenye kipindi."

Nguchiro alitaka kulia, ila watoto walikuwa wanatetemeka. "Basi wapigie simu waje hapa, sasa hivi!"

"Wakinikuta nimejificha?"

"Simama mlangoni, useme umekuja kuwalinda wanangu."

Nyegere akapiga simu. Walinzi wakaja mbio na Chui akatokomea, nao wakambeba Waziri juu juu kwa shangwe. Alipopitishwa karibu na shimo, alimtazama Nguchiro kwa hofu.

"Wasirudi studio, mzee," Nguchiro akamnong'oneza. "Wakibaki bondeni, sitamwambia yeyote."