Gari la Mzee Wilf

Mzee alilaza shavu juu ya boneti ya gari, akafumba macho, na machozi yakamtiririka bila sauti.

Bridget Catchpole alisimama pale uani, ufunguo mkononi, asijue aangalie wapi. Dakika tano zilizopita hakukuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi yeye katika Norfolk nzima. Miaka kumi na minne alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli, mvua ikimchapa usoni, na leo hatimaye gari la spoti lilikuwa lake: la kijani, viti viwili, halina paa, jepesi kama kopo.

"Baba, hebu toka hapo," alisema Lorna, binti wa yule mzee, huku akitia saini karatasi mbio mbio. "Na wewe dada, lichukue uende zako. Sitaki kuliona tena hapa kwangu."

Bridget aliwasha gari. Kwenye kioo akamwona mzee amesimama katikati ya njia, kofia kifuani, kama mtu aliye makaburini.

Jioni ile kaka yake, Dougie, alilizunguka gari mara tatu, akapiga mluzi.

"Kwa hiyo mzee wa watu analia, binti anamnyang'anya, na wewe unapokea. Hongera, jambazi!"

"Acha utani, Dougie."

"Nani anatania? Mimi nisingepata usingizi."

Na kweli Bridget hakupata. Kila alipokamata usukani alihisi mikono ya mtu mwingine chini ya mikono yake. Barabara za huku, nyembamba na zenye kona, ndizo gari lile lilizoumbiwa, lakini kila kona aliyoikata vizuri ilimwachia ladha ya kitu cha wizi. Wiki ya pili nafsi ilimsuta hadi akageuza gari kurudi kule.

Alimkuta Mzee Wilf kwenye sanduku la posta la kutumbukizia barua, mwisho wa njia ya kwao. Mzee alipoliona gari alishika kifua.

"Nimekuja kukupa lifti, mzee wangu. Au utaendesha mwenyewe?"

"Mimi? Hapana, hapana!" Mzee alinyoosha mikono inayotetemeka. "Kwa mikono hii? Endesha wewe, mwanangu. Mimi nitakaa tu."

Alihangaika kufungua mlango. Alivuta mkanda sivyo, akajigonga goti, akauliza kile kitufe chekundu ni cha nini. Uzee umeshaanza kumla kumbukumbu, Bridget aliwaza, na moyo ukazidi kumwuma. Lakini waliposhika barabara ya pwani, upepo ukaipeperusha kofia ya mzee hadi kwenye shamba la viazi sukari, yeye akacheka hadi akakohoa.

"Ongeza moto! Ongeza, usiogope!"

Tangu siku hiyo kila Jumapili ikawa ya Mzee Wilf. Lorna alikuwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mzee alisisitiza wakutane palepale kwenye sanduku la posta. "Tusimwambie Lorna," alisema. "Ataanza maneno." Walikula chipsi na samaki ndani ya gari, siki ikiwachuruzika vidoleni. Bridget aliacha kwenda kwa Dougie, akaacha kwaya, na yule fundi bomba aliyekuwa akimwalika chakula cha Jumapili akachoka kualika. Aliona ndiyo adhabu yake, na akaona inamstahili.

Siku moja, wameegesha juu ya genge linalotazama bahari, aliuliza lile swali alilokuwa analikwepa.

"Ulilipenda sana, eh?"

Mzee aliipapasa dashibodi taratibu. "Miaka tisa, mwanangu. Kila asubuhi nikifungua pazia, cha kwanza kukiona ni hili gari. Siku ile linaondoka nilisema basi, Wilf, hapo ndipo mwisho."

Bridget hakuweza kumaliza chipsi zake.

Wiki nzima hakuligusa gari. Alilifunika turubai kama maiti, akarudia baiskeli, na kufikia Ijumaa alikuwa ameamua. Akampigia Lorna simu kuuliza siku atakayokuwa nyumbani. Lorna akasema Jumapili hiyo, saa nne asubuhi, atakuwa ametoka zamu.

Mzee alikuwa kwenye sanduku la posta, amevaa kofia mpya yenye kamba ya kidevuni. Bridget alimpandisha, lakini badala ya kushika njia ya pwani akapinda kuelekea nyumbani.

"Huku siko," alisema mzee.

"Nina neno moja tu na Lorna."

"Lorna?" Mzee alimdaka mkono. "Mwache Lorna, jamani! Twende kwanza. Utasema naye tukirudi."

Anavyomwogopa mwanawe wa kumzaa! Bridget akaushika ufunguo kwa nguvu, akashuka, akagonga.

Lorna alifungua akiwa bado na sare ya kazini, macho yamemvimba kwa usingizi.

"Sikukaa na amani hata siku moja," Bridget alianza. "Nilikuona unaliuza gari lake naye analia, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nalitaka. Sitaki chochote. Mrudishie baba yako gari lake."

Akamwekea ufunguo kiganjani. Kule njiani honi ililia mara mbili.

Lorna aliutazama ufunguo, akamtazama baba yake aliyejikunyata kwenye kiti cha abiria, kisha akamtazama Bridget.

"Gari lake? Dada, baba hana hata leseni. Hilo lilikuwa la mume wangu, yule niliyemfukuza, na miaka tisa yote aliyokaa hapa hakuwahi kumruhusu baba hata kuliegemea."